Hafshafti ya nyuma imekatika: niimarishe Dana 35 au nibadilishe ekseli nzima?

"Shikamoo fundi. Nina Jeep Wrangler TJ ya 1999, injini ya lita 4.0, giaboksi ya mkono, ekseli ya nyuma ni Dana 35 yenye uwiano wa 3.73. Tairi zangu ni za inchi 31, na mwaka jana niliweka difloki ya kujifunga yenyewe kwenye difu ya nyuma. Mwezi uliopita nilikuwa napanda korongo lenye mawe, gari likaanza kurukaruka nyuma, nikakanyaga zaidi, nikasikia mlio kama wa risasi. Hafshafti ya kulia ilikuwa imekatika. Nimeweka nyingine ya mtumba na gari linatembea. Sasa nataka tairi za inchi 33. Wengine wananiambia ninunue hafshafti za chuma kigumu zaidi niziweke kwenye Dana 35 hiyohiyo. Wengine wanasema Dana 44, ekseli kubwa zaidi ya kampuni hiyohiyo, wengine ekseli ya Ford Explorer, na mmoja anasema niweke Dana 60 nilale usingizi. Mimi naona hafshafti ngumu zingetosha, kwa sababu kilichokatika ni hafshafti tu. Je, nakosea? Na kwa sasa naweza kuendelea kulitumia hivi lilivyo?"

Marahaba. Nimeelewa unachokihofia: hutaki kulipa mara mbili. Unaogopa kununua hafshafti leo, ile fimbo inayopeleka mzunguko kutoka difu ya katikati ya ekseli hadi gurudumu, kisha kesho ununue ekseli nzima, au ukimbilie ekseli kubwa wakati kitu kidogo kingetosha. Hofu hiyo ni ya haki, na sehemu ya jibu unayo mwenyewe hapo nyumbani, ikiwa hujakitupa kile kipande kilichokatika.

Kichukue, kisugue kwa dizeli kiwe safi, ukitazame juani. Angalia kwanza meno yaliyo mwisho wa shafti, yale tunayoyaita splaini. Yakiwa yamejisokota kama uzi wa skrubu badala ya kunyooka, shafti ililemewa na nguvu ya kusokota mara nyingi kabla ya siku ile. Chuma kilikuwa kinasokotwa kidogo kidogo na wewe hujui. Kisha angalia uso wa pale ilipokatikia. Ukiona eneo laini lenye mistari iliyopindana, mfano wa alama ambazo maji huziacha mchangani yanapopwa, na pembeni yake eneo dogo lenye chembechembe za kukwaruza, hapo palikuwa na ufa wa zamani uliokuwa ukikua taratibu. Lile eneo la chembechembe ndilo lililoachia siku hiyo, na mawe ya korongoni yalimalizia kazi tu. Lakini kama uso wote ni wa chembechembe, hakuna alama ya zamani, basi ilikatika kwa pigo moja. Kutokana na ulivyosimulia, gari kurukaruka halafu ukakanyaga, sitashangaa ukikuta ni pigo moja kwenye shafti ambayo tayari splaini zake zilishasokotwa.

Sasa tuone pigo hilo lilitoka wapi. Watu wengi hulaumu injini. Injini yako hutoa takriban nyutoni-mita 300. Ukiwa gia ya kwanza na umeweka gia ya taratibu kwenye kisanduku cha kugawa nguvu, nguvu hiyo inazidishwa kwa 3.83, kisha 2.72, kisha 3.73 ya difu. Kwa hesabu ya karatasini inakuja zaidi ya nyutoni-mita 11,600 za kugawana ekseli mbili. Hakuna Dana 35 wala Dana 44 ya kiwandani inayoweza kubeba mzigo huo kwenye shafti moja. Kinachoziokoa ni kwamba nguvu hiyo haifiki yote, maana tairi huteleza kwanza. Kwa maneno mengine, si injini inayoamua hafshafti itabeba kiasi gani. Kinachoamua ni uzito ulioikalia tairi, jinsi ardhi inavyoshika, na ukubwa wa tairi yenyewe.

Hapo ndipo difloki inapoingia. Difu ya kawaida hugawa msokoto sawasawa kulia na kushoto. Tairi moja ikiwa hewani haihitaji chochote ili izunguke, kwa hiyo na mwenzake anapata karibu na bure, na gari linakaa pale pale. Inaudhi, lakini hafshafti zako zimepumzika. Ukishafunga difloki, tairi iliyo chini inaweza kupokea karibu msokoto wote wa ekseli ya nyuma peke yake. Chukua mfano: gari limeinuka kwenye mlima, kilo 600 zimekalia tairi ya kulia, na jiwe limeshika vizuri kabisa. Kwa tairi ya inchi 31 hafshafti hiyo inadaiwa nyutoni-mita 2,300 hivi kabla tairi haijateleza. Weka ya inchi 33, mkono wa wenzo unaongezeka, deni linakaribia 2,470. Si ongezeko la kutisha.

Kinachotisha ni kurukaruka. Gari linapodunda, tairi inapaa kidogo na kupata kasi, kisha inatua na kushikwa na jiwe kwa ghafla. Kila kilichokuwa kinazunguka, yaani tairi, propela shafti inayoleta nguvu kwenye ekseli, gia na flaiwili ya injini, kinatakiwa kisimame kwa mara moja, na mshtuko wote unapita kwenye kipande kimoja cha chuma. Ile hesabu niliyokupa hapo juu haihusiki tena, kilele chake kinapanda mbali kuliko hapo. Tairi za inchi 33 pia ni nzito zaidi, kwa hiyo zina nguvu zaidi ya kurudisha zinaposimamishwa. Wewe ulikuwa na difloki imefunga, gari linadunda, na mguu ukashuka. Hata Dana 44 ingelalamika.

Basi nije kwenye hoja yako kwamba kilichokatika ni hafshafti tu. Ni kweli ndiyo iliyoachia kwanza, na ni kweli ya Dana 35 ni nyembamba. Ya mwaka wako ina splaini 27 na unene wa takriban milimita 29.7. Ya Dana 44 ina splaini 30 na milimita 33.3. Tofauti ni milimita tatu na ushei, unaweza kuiona ndogo, ila uwezo wa shafti kuhimili msokoto hufuata unene wake uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu. Kwa chuma cha aina moja, hizo milimita zinakupa nguvu zaidi kwa karibu asilimia 40. Ndiyo maana mtu anayekuambia ubadilishe aina ya chuma hasemi uongo: hafshafti za aloi nzuri, zilizopikwa moto ipasavyo, zinaweza kuvuka hata Dana 44 ya kiwandani. Ila usitafute chuma "kigumu" kwa maana ya kigumu tu. Chuma kigumu kupita kiasi huvunjika kama glasi. Unachotaka ni chuma kinachojipinda kidogo chini ya mzigo na kurudi kilivyokuwa.

Shida ni kwamba hafshafti inaishi na wenzake. Krauni ya Dana 35, ile gia kubwa ya duara iliyo ndani ya difu, ina kipenyo cha karibu milimita 192, ya Dana 44 ni 216, na ya Ford Explorer, ile tunayoiita 8.8 kwa inchi zake, ni karibu 224. Meno madogo hubeba mzigo mdogo. Mirija ya Dana 35, ile inayofunika hafshafti, nayo ni myembamba, na gari likitua vibaya mara kadhaa hupinda. Utajua kwa tairi ya nyuma kuliwa upande mmoja, au oili sili ya gurudumu kuvuja hata ukiibadilisha kila mwezi. Ukiweka hafshafti imara humo, mzigo hautaishia hewani. Utahamia kwenye krauni na pinioni, gia ndogo inayoizungusha, na hizo zikivunjika hujatoa vipande viwili vya shafti, umetoa chenga za chuma zilizosambaa kwenye beringi zote.

Kuna jambo jingine ambalo naona hujaambiwa, na kwangu ndilo zito kuliko yote. Katika Dana 35 ya gari lako, kinachozuia hafshafti isitoke nje ni klipu ndogo yenye umbo la C iliyo ndani kabisa ya difu. Beringi ya gurudumu inazunguka juu ya shafti yenyewe na haiishiki isichomoke. Maana yake shafti ikikatika popote kati ya klipu na gurudumu, kipande cha nje hakina kitu cha kukishika. Gurudumu, drami ya breki na kipande cha shafti vinaweza kutoka pamoja. Korongoni kwa mwendo wa kobe unapata hasira tu. Barabarani kwa kilomita 90 kwa saa ni msiba. Niliwahi kuletewa gari ambalo gurudumu lilikuwa limechomoza nje ya bodi kiasi cha kiganja, na mwenye gari anasema aliona "linayumba kidogo" tangu asubuhi.

Tupime njia zako sasa, moja baada ya nyingine.

Kubaki na Dana 35 na kununua hafshafti za aloi zenye splaini 30 ndiyo njia rahisi ya kufunga. Huchomelei chochote, propela shafti haiguswi, breki zinabaki. Lakini difloki yako ya sasa ni ya splaini 27, kwa hiyo nayo unabadilisha. Ukishajumlisha hafshafti mbili, difloki mpya na kazi ya fundi, umeshaikaribia bei ya ekseli nzima bora, na bado uko kwenye mirija na krauni zilezile. Ningeikubali kwa mtu anayebaki na inchi 31, anayependa matope na mchanga kuliko mawe. Kwako wewe mwenye difloki na ndoto ya inchi 33, hapana.

Dana 44 iliyotoka kwenye Wrangler TJ nyingine ndiyo chaguo langu kwako, ukiipata. Mabano ya springi, ya mikono inayoishikilia ekseli na ya shokamzoba yako mahali palepale, nati tano za gurudumu ni za mpangilio uleule, na hafshafti zake hazitegemei klipu ya C: beringi inashikiliwa na bamba lililofungwa kwa bolti mwisho wa mrija. Unafungua ya zamani, unafunga hii. Pima propela shafti kabla ya kufurahi, maana pua ya Dana 44, pale propela inapofungwa, ni ndefu zaidi na propela uliyonayo inaweza kuzidi. Ile ya Rubicon, toleo la Wrangler la njia mbovu, za 2003 mpaka 2006 ina difloki ya kuwasha kwa swichi, jambo ambalo binafsi nalipenda kuliko ya kujifunga yenyewe, lakini uwiano wake ni 4.10. Ekseli yako ya mbele ni 3.73. Huwezi kuziacha zitofautiane: ukiunganisha magurudumu yote manne kwenye ardhi inayoshika, mbele na nyuma zitavutana hadi kitu kiachie. Utabadilisha gia za mbele pia. Kwa tairi za inchi 33 hilo silioni kama hasara, kwa sababu 3.73 itakufanya uhisi gari limechoka na 4.10 inarudisha uhai. Liweke tu kwenye hesabu tangu mwanzo.

Ekseli ya Ford Explorer ndiyo ambayo vijana huiimba sana, na wana sababu. Hafshafti zina splaini 31, mirija ni minene kuliko ya hizo mbili, nati tano zina mpangilio sawa na wa Jeep yako, na za 1995 mpaka 2001 zina breki za diski. Uwiano wa 3.73 unapatikana kwenye nyingi, kwa hiyo mbele huigusi. Tatizo ni kwamba Explorer hiyo hukalia springi za majani, na gari lako lina springi za koili na mikono minne pamoja na fimbo ya kuzuia ekseli isiende pembeni. Mabano yote ya zamani yakatwe, mapya yachomelewe. Mirija yenyewe imesukumizwa ndani ya kitovu cha chuma cha kumimina, lile tumbo la difu, na kushikwa kwa vidoti vichache vya kuchomelea, na kwenye kazi nzito imejulikana kujizungusha, kwa hiyo nayo inataka kuchomelewa kwenye kitovu. Na hapa nikuambie ukweli ambao mashabiki wake huuruka: nayo inatumia klipu ya C. Breki za diski husaidia, kwa maana kaliper inaweza kulizuia gurudumu kwa muda, lakini hiyo si kazi ya kaliper. Zipo seti za kuondoa klipu hizo. Ukiichagua ekseli hii, ulizia.

Dana 60 ni chuma cha heshima, krauni yake inafika karibu milimita 248. Kwa Jeep ya inchi 33 inakutosha na kukuzidi. Ni nzito, na uzito ule uko chini ya springi, gari linadunda vibaya zaidi. Tumbo lake kubwa linashuka karibu na mawe, unapoteza nafasi ileile uliyoinunua kwa kuongeza tairi. Aliyekushauri huenda anatumia inchi 37 au zaidi, na kwake ni ushauri mzuri.

Utaniuliza kuhusu ekseli ambazo shafti haibebi uzito wa gari kabisa, zile ambazo kitovu cha gurudumu kina beringi zake mbili juu ya mrija na hafshafti kazi yake ni kuzungusha tu. Ndizo bora kwa usalama, kwani shafti ikikatika gurudumu linabaki mahali pake na unaweza kuendelea kulivuta gari. Malori na magari mengi ya kazi nzito hutumia mtindo huo. Kuzipata kwa vipimo vya Jeep ndogo ni safari nyingine na mfuko mwingine, na kwa matumizi uliyonieleza sioni kama unazihitaji.

Ukienda njia ya Explorer, nizungumze kidogo juu ya kuchomelea, kwa sababu ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Mrija wa ekseli hupinda kwa joto. Niliwahi kumaliza bano moja kwa mstari mmoja mrefu bila kupumzika, kijana na kiburi changu, na mrija ukavutwa kiasi ambacho jicho halikuona. Oili sili ya upande ule ilivuja wiki baada ya wiki mpaka nilipoilaza ekseli kwenye fimbo ya kunyooshea nikaona aibu. Unachomelea kidogo upande huu, unahamia ule, unaacha ipoe yenyewe, humwagii maji. Mrija kwa kitovu ni kazi tofauti kabisa: chuma cha kumimina hupashwa moto kwanza, huchomelewa kwa fimbo zenye nikeli, kisha hufunikwa kipoe polepole, la sivyo kinapasuka pembeni ya mshono siku ya pili. Na pembe ya pua ya difu iamuliwe gari likiwa limekaa chini kwa uzito wake wote, mabano yakiwa yameshikizwa kwa doti tu. Ukikosea hapo, propela itatetemeka na kula krosi, yaani viungo vyake vya kupinda, na kurekebisha ni kukata upya.

Hiyo ndiyo kazi nisiyotaka uifanye peke yako kwa kufuata maelezo yangu. Mabano ya mikono yakiachia mwendoni, ekseli inajipindua chini ya gari. Mpe mchomeleaji ambaye ameshafanya ekseli, na umwombe akuonyeshe mojawapo inayotembea. Vivyo hivyo kupanga krauni na pinioni: kina cha pinioni, mkazo wa beringi, na nafasi kati ya meno, ambayo kwa Dana huwa kati ya milimita 0.15 na 0.25. Fundi asiyepaka rangi kwenye meno na kukuonyesha alama ya mgusano, na asiye na saa ya kupimia, mshukuru uondoke. Gia mpya zikishafungwa, safari za kwanza ziwe fupi na za mwendo wa wastani, uache difu ipoe kati ya safari na safari, na oili ya kwanza uimwage baada ya kilomita 800 hivi. Itatoka na vumbi la chuma. Vumbi si neno, ila vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole vinarudi na gari kwa fundi siku hiyohiyo.

Ekseli yoyote utakayochagua, ujue kiungo dhaifu kitahama. Baada ya nyuma kuimarika, macho yako yawe kwenye krosi za propela na kwenye hafshafti za Dana 30 ya mbele.

Swali lako la mwisho, la kuendelea kulitumia. Kwa barabara za kawaida na mwendo wa kiasi, ndiyo, baada ya mambo mawili. La kwanza, fungua kifuniko cha difu na usafishe kila kitu, maana chembe za shafti iliyokatika zinaweza kuwa bado humo, na aliyekuwekea ile ya mtumba sijui kama alisafisha. Ukiwa hapo, zisikilize beringi na uangalie meno ya krauni moja moja. La pili, itoe hafshafti ya kushoto uikague. Ile ilipitia makorongo yaleyale na difloki ileile, na kama splaini zake zimeanza kusokotwa, usiirudishe. Ile ya mtumba ya kulia nayo ilikuja na historia yake, hivyo ikaguliwe kwa jicho hilohilo.

Mawe yasubiri. Difloki yako hujifunga yenyewe, huna swichi ya kuizima, na ukiwa juu ya jiwe itafunga upende usipende. Ukilazimika kupita pabaya na gari likaanza kudunda, toa mguu papo hapo, liache litulie, rudi nyuma nusu mita, tafuta njia nyingine ya tairi. Na ukisikia nyuma inayumba, au breki ya nyuma inakwaruza upande mmoja, au ukaona gurudumu limesogea nje hata kwa upana wa kidole, simama hapohapo uite gari la kuvuta.